Picha Iliyopotea Kibimba

Baba Paroko, ndugu na majirani, tunaomba mtusikilize hadi mwisho, maana huyu aliyelala hapa ameondoka na neno lake juu yetu.

Pancras alizaliwa tarehe 12 Mei 1971 hapa Kibimba, mtoto wa tatu wa Mzee Yohanes na Mama Scolastica, akasoma shule ya msingi hapahapa tangu 1980 hadi 1986, akajiunga na chuo cha ufundi Mwanza mwaka 1990, na aliporudi akafungua kibanda cha kutengeneza redio Rusumo, madereva wa malori wakawa wateja wake.

Tarehe 25 Julai 1998 alifunga ndoa na Adelfina wa Nyabusozi, Biharamulo, wakajaliwa watoto watatu, Restituta tunayemwita Resti, Wiston na Teddy.

Mwaka 2014 aliajiriwa kwenye mtambo wa kurushia televisheni ya dijitali, akapita nyumba kwa nyumba bondeni kwetu akituhakikishia kwamba tukisimamisha antena picha itashika, na kweli ikashika. Februari 2022 wakubwa wake walibadili namna ya kupakia picha kwenye mawimbi, wakaacha ile ya ngazi kumi na sita wakachukua ya ngazi sitini na nne ili chaneli ziongezeke, naye akawaonya kwamba wimbi ni kama mama aliyejitwika ndizi, ukimzidishia mikungu atafika kwa jirani, lakini wa mbali watalala njaa. Hawakumsikiliza. Picha ikaganda, ikakatika vipandevipande, kisha ikapotea kabisa, nasi tukamwita mwongo, tena si chinichini, tukang'oa vyuma vya antena tukaegemezea migomba, naye akawa anapita akiviona na kutusalimia wote. Aliandika barua saba, kila moja na vipimo vya kila nyumba, akiomba wapunguze ngazi, na hadi leo hakuna aliyemjibu.

Agosti 2024 alianza kuumwa figo, Februari mwaka huu wa 2025 akalazwa Biharamulo, na kila asubuhi alimuuliza mkewe kama picha imerudi Kibimba, naye akimjibu bado, hadi Jumamosi tarehe 8 Machi alipoona mumewe anakwisha, akamwambia imerudi, watu wanatazama. Pancras akashusha pumzi, akasema basi sasa wanajua sikuwadanganya. Alifariki kesho yake, Jumapili, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliokuja bila kutumwa, na majirani mliochimba kaburi, hata wale mliomwita mwongo, nikiwemo mimi Anatoli, mdogo wake, ninayewasomea.

Adelfina amekataa mumewe azikwe na uongo aliomwambia hospitalini, naye ametuagiza tuseme hapa mbele ya jeneza kwamba, Baba Resti, picha haijarudi, na hatujui kama itarudi, lakini bonde zima limesikia leo kwamba hukutudanganya. Pumzika kwa amani, kaka, kama utaweza.