Hereni, Hatua Nne Kutoka Kwenye Benchi

Benchi la nyuma ya karakana lilikuwa mlango zamani. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni akikaa vibaya linamkaribisha kwa kumfinya. Aliyelipigilia miguu ni fundi wa kuchomelea mageti, na alipohama aliacha pia kiwanja cha vumbi jeusi, ukubwa wa sebule mbili, kilichojaa vipande vya nondo na vichwa vya misumari. Juu ya hayo, wateja wa Mama Birika, muuza kahawa, wamemwaga vifuniko vya soda kwa miaka saba. Ukitaka kumkomoa mtu mwenye detekta, mpeleke pale. Na wenye detekta ndio hao hao waliolichagua benchi hilo: wanaume watatu waliokwisha kuvuka umri wa kucheza, ila hakuna aliyewaambia. Jumapili wanazibeba mashine zao, zile fimbo zenye sahani nchani zinazolia zikipita juu ya madini, na kuzipitisha kwenye viwanja vya mpira na kingo za mto. Siku sita zilizobaki wanazizungumzia, na huko ndiko wanakopata kitu.

Siku ile ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Fundi Saa, mmoja wao, alichungulia kwenye kona ya ukuta, mashine begani, akiomba asikute mtu. Aliwakuta wote.

Alikuwa na saa mbili tu. Mkewe, aliyekwenda kumhudumia dada yake aliyejifungua, alikuwa anarudi na basi la saa tano. Katika kisanduku chake cha mapambo, mahali pa hereni mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake, ilibaki moja. Ya pili ilikuwa hapa, chini ya vumbi. Fundi Saa mwenyewe ndiye aliyeizika juzi, na kwa nia safi kabisa. Kiwanda kinachotengeneza mashine zao kiliwaandikia wateja maswali, na swali la tatu lilisema: mashine yako ya sasa inasikia dhahabu ndogo kiasi gani? Mtu anayefungua saa za watu na kuzifunga bila skrubu kubaki mezani hajibu swali la namna hiyo kwa kukisia. Alifukia hereni, akapima hatua nne kutoka mguu wa kushoto wa benchi, akaandika kwenye karatasi. Kisha mvua ikamkimbiza. Jana alirudi kuitafuta, mashine ikalia kila mahali, kama mtoto mwenye homa.

— Fundi! — Injinia alimwita. Huyu Injinia hajajenga daraja. Anatengeneza feni na pasi. — Njoo ukae, tunajibu barua ya kiwanda. Wanauliza mashine ijayo iwe na nini.

— Nilikuwa napita tu.

— Unapita na detekta, Jumatano? — aliuliza Kamanda. Kamanda ni mlinzi wa ghala. Zamu ikiisha anakuja hapa kusinzia, na hajawahi kufanikiwa.

— Naitembeza kidogo.

— Kwani mbuzi? — alisema Mama Birika, huku akimmiminia kikombe bila kuulizwa.

Fundi Saa akakaa. Macho yalikuwa kwenye vumbi, masikio kwenye saa ya mkononi.

— Haya, — Injinia alisema, simu mkononi. — Kila mtu jibu moja. Mimi naomba iwe nyepesi. Nikitoka mtoni Jumapili, Jumatatu siwezi kuinua hata pasi ya mteja.

— Tatizo si uzito, ni hicho kitambi, — Kamanda alimjibu. — Fimbo inakizunguka kwanza ndipo ifike mbele.

— Kitambi changu kiache, kimetoka mbali. Sema lako.

— Mimi nataka isilie, — Kamanda alisema.

— Detekta isiyolia?

— Isilie mbele za watu. Jumapili ililia mara moja tu, nikainua kichwa, nimezungukwa na watu kumi na tano. "Mzee, dhahabu?" Nikachimba kifuniko cha soda mbele ya halaiki. Yupo aliyepiga makofi. Nataka mashine inayotazama pembeni kwanza, ikiona tuko wawili ndipo inaninong'oneza.

Fundi Saa aliona mlango umefunguka kidogo, akaingiza mguu.

— Mimi ningeomba itofautishe. Tuseme kuna mahali pana vifuniko vingi. Na tuseme, mfano tu, katikati yake kuna kitu kidogo cha dhahabu. Hereni, tuseme.

— Hereni.

— Mfano.

— Iko kina gani? — Injinia aliuliza.

— Kidole hivi.

— Kidole kipi?

— Cha shahada.

— Huyu mfano wake amelala nao usiku kucha, — Kamanda alimwambia Injinia.

— Anaomba kidogo mno! Kiwanda kizima kinatusikiliza, yeye anaomba hereni. Mimi nafuta uzito. Naandika: ionyeshe picha. Unapitisha sahani, kwenye kioo kinatokea kitu chenyewe. Msumari ni msumari, sarafu ni sarafu. Halafu inakuuliza, nichimbe nisichimbe?

— Ichimbe yenyewe? — Kamanda aliuliza.

— Ulitaka uchimbe wewe, na mgongo huo?

— Basi na ifukie. Yule golikipa alipotumbukiza mguu kwenye shimo letu, mimi ndiye niliyekimbizwa, nyie mlikuwa mmeshajificha. Ichimbe, itoe, ifukie, ishindilie, iende kumwomba radhi nahodha wa timu.

— Na ijue kitu ni cha nani, — Injinia alisema. Sasa alikuwa amesimama. — Kila kilichoko ardhini kina mwenyewe. Iseme, hiki ni cha fulani, kilimdondoka akikimbia mbwa, anakaa nyumba ya pili kushoto.

— Ikikutajia nyumba utampelekea? — Mama Birika aliuliza.

Injinia alikunywa kahawa. Kamanda alikunywa kahawa.

— Basi isijue, — Injinia alisema, akafuta.

— Kwa nini tusijaribu za sasa kwanza? — Fundi Saa aliruka. — Hapa hapa. Twende na yangu, pole pole, sehemu kwa sehemu, tuone inaweza nini. Kwa ajili ya barua.

— Hapa? — Kamanda alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani. — Hapa mashine inaweza kupata kichaa. Fundi, wewe umekuwaje leo? Jasho linakutoka, na kahawa hujaigusa.

Simu ya Fundi Saa ikatetema mfukoni. Aliusoma ujumbe wa mkewe mara mbili, ingawa ulikuwa na maneno machache: "Basi limewahi. Nimeshafika stendi, nakuja kupitia hapo kwenye benchi lenu tusaidiane mizigo." Kutoka stendi mpaka pale ni dakika kumi kwa mtu mwenye mizigo, na mkewe ana mwendo.

Akamwaga yote. Alianzia kwenye swali la tatu na kuishia kwenye mvua, bila kuvuta pumzi katikati. Aliposema "ya marehemu mama yake", Mama Birika aliweka birika chini.

— Umechukua hereni ya mkeo, — Kamanda alisema taratibu, kama anayejaza kitabu cha lindo.

— Moja.

— Umeificha ardhini.

— Kwa muda.

— Hapa, — Injinia alisema, — penye chuma kingi kuliko mahali popote mjini.

— Nilitaka mtihani mgumu.

Walimtazama, na lazima tuseme ukweli: katika macho ya Injinia kulikuwa na heshima kidogo.

Kisha wote wakainuka. Kwa hilo lazima wasifiwe. Kamanda alivua koti la sare, Injinia akachukua mashine. Fundi Saa alisimama kwenye mguu wa kushoto wa benchi, akahesabu hatua nne kwa sauti.

— Hatua zako au zangu? — Kamanda aliuliza.

— Zangu! Mimi ndiye niliyezika.

— Basi tembea kama juzi. Leo unatembea kama mtu anayekwenda kunyongwa, hatua zimefupika.

Alitembea tena. Mashine ikalia. Wakachimba: kifuniko. Ikalia tena: kifuniko, na chini yake kifuniko kingine, ndugu yake. Ikalia kwa sauti nyembamba, tamu, wote watatu wakapiga magoti, Injinia akasema "hiyo ndiyo sauti ya dhahabu, naifahamu", wakatoa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Walipofika shimo la nane, Mama Birika, aliyekuwa amejishika kiuno, aliuliza:

— Fundi, hizo hatua ulizihesabia kwenye benchi?

— Mguu wa kushoto. Nimeandika. — Alionyesha karatasi.

— Benchi likiwa wapi?

— Kwani benchi linakwenda wapi?

— Baba, mimi benchi hili nalihamisha mara tatu kwa siku. Asubuhi liko ukutani, mchana liko pale, jioni huku. Wewe umekaa hapa miaka saba, ulidhani kivuli kinakufuata kwa mapenzi?

Fundi Saa aliikunja karatasi.

— Juzi saa nne lilikuwa wapi?

— Juzi kulikuwa na mawingu. Siku ya mawingu naliweka popote.

Injinia alikuwa anaandika kwenye simu kwa kidole gumba kichafu.

— Mashine ijayo, — alisoma, — iweze kutafuta benchi.

— Futa, — Kamanda alisema. — Andika iwe na kumbukumbu. Ukizika kitu mbele yake, kesho ikuambie: ulifukia hapa, na nilikukataza.

— Ikukataze kabisa! Ukikaribia kisanduku cha mkeo, ipige king'ora.

— Impigie mkeo simu.

— Isimpigie! — Fundi Saa alilia. — Isimpigie!

— Imwambie nini sasa? — ikauliza sauti nyuma yao.

Mke wa Fundi Saa alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, begi mkono mmoja, mkono mwingine mfuko wa ndizi aliopewa na dada yake. Alitazama mashimo. Yalikuwa manane.

— Shemeji! Karibu, pole na safari, — Injinia alisema. — Tunatafuta bomba la maji.

— Tunafukuza panya, — Kamanda alisema wakati huo huo.

Shemeji aliwaamkia kwa upole, wote wawili, akawaulizia wake zao, akapokea majibu. Halafu akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado amepiga magoti.

— Baba watoto.

Fundi Saa alikuwa na uongo mzuri aliouandaa usiku, wenye mwizi na dirisha ndani yake. Alipoutafuta hakuuona.

— Mama watoto, niliichukua hereni ya mama. Moja. Niliizika hapa kuipima mashine, na sasa siioni.

Shemeji hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu, Kamanda alikuja kusema baadaye. Aliweka begi juu ya benchi, akaweka mfuko wa ndizi juu ya begi, akakaa pembeni yake, mbali na lile tundu, alijua kukaa.

— Mashine ilihitaji nini hasa?

— Dhahabu. Kipande kidogo tu cha dhahabu.

Aliinama akamshika mkono wa kushoto, uliokuwa mweusi kwa vumbi mpaka kwenye kifundo. Akapangusa kidole kimoja kwa kidole gumba chake. Pete ya ndoa ikang'aa.

— Na hii ilikuwa na ubaya gani?

Injinia alifungua kinywa aeleze kwamba pete ni kubwa mno kwa swali la tatu. Kamanda akamkanyaga. Fundi Saa alitazama pete, akatazama mashimo, akamtazama mkewe.

— Mama, — shemeji alimwambia Mama Birika, — una chujio?

— Ninalo. Lile kubwa la zamani.

— Wape.

Mashine ikazimwa, ikaegemezwa ukutani. Kamanda alikusanya vumbi kwa kofia yake, Injinia akashika chujio upande mmoja, Fundi Saa upande wa pili. Wakaanzia kwenye kona ya ukuta, shubiri kwa shubiri. Mama Birika alitikisa birika, akamimina kilichobaki kwenye kikombe kimoja tu, akampa shemeji.

Shemeji akapuliza, akanywa kidogo.

— Sijasikia jibu la pete, — alisema.

Chujio likaendelea kutikisika.