Fundi wa Nguo za Mapangoni, Asiyependa Kufungiwa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pili wa seremala na muuza vitambaa. Alitanguliwa na kaka mmoja tu, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu, ambaye watoto wa marehemu humwita Baba Mkubwa, na ambaye kwa sura hakuna aliyemfikia katika ukoo huu, marehemu akiwemo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960, akamaliza darasa la saba kwa sifa mwaka 1966. Baba Mkubwa aliishia la tano, lakini hilo si la leo. La leo ni kabati. Mwaka 1961 Baba Mkubwa alimfungia mdogo wake kwenye kabati la baba yao kwa mzaha, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kucheza mpira, akasahau mpaka alasiri. Mtoto alitolewa amelowa jasho. Tangu siku hiyo hakulala penye mlango uliofungwa. Hata chooni hakutia komeo. Aliimba kwa sauti ili watu wajue pana mtu, na sauti yenyewe Mungu hakumjalia.

Alianza ushonaji mwaka 1970, na kuanzia 1978 akashona ovaroli za waingiao mapangoni. Nguo zake zilikuwa za turubai, magoti na viwiko tabaka mbili, mshono mara tatu. Kwapani na msambani aliongeza kipande ili mtu atambae bila kukabwa. Mteja hakuondoka na nguo kabla ya kutambaa chini ya meza ya kukatia, na fundi akimkagua makalio. Mwenyewe pangoni hakukanyaga. “Mimi nashona,” alisema, “kufukiwa ni kazi yenu.”

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji alizoea kulala mlango wazi, akisema ameolewa na mlinzi wa upepo.

Agosti 1988 Baba Mkubwa, mwongoza wageni hodari kuliko wote, alinasa kwenye upenyo wa pango. Alikuwa amelazimisha mfuko wa kifuani ushonwe nje, ili zikae humo betri za tochi. Fundi alikataa, kaka akamshinda kwa umri. Mfuko ukang'ang'ania jino la mwamba. Wenzake walimvuta miguu, mshono haukuachia hata uzi. Kisu kilishindwa kupenya bila kumpasua kifua. Saa sita zikapita. Ndipo akasikia mtu anakuja akitambaa, huku anaimba vibaya.

“Ni wewe?”

“Nyamaza. Toa pumzi zote.”

“Unaogopa?”

“Nakufa kwa woga. Nilikwambia mfuko uwe ndani, hukunisikia.”

Alipapasa hadi mwisho wa uzi, mahali anapopajua yeye peke yake, akaufumua, mfuko ukaachia. Tangu hapo kila mfuko wa nje aliushona kwa uzi mmoja wa pamba. Wateja wakilalamika aliwajibu: “Mshono mzuri unajua wakati wa kuachia.”

Mwaka 2019 alipata kiharusi, akalala kitandani karibu miaka minne. “Kaka,” alisema, “nguo hii imenibana kila mahali, na aliyeishona simwoni.” Baba Mkubwa akapata ujasiri wa kuuliza lililomkaa kooni miaka hamsini na nane.

“Lile la kabati, ulinisamehe?”

“Zamani. Ila siku yangu ikifika, kifuniko kifungwe kaburini, si nyumbani. Na wewe usikifunge.”

Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kaka mmoja. Jeneza limekuja hapa kaburini likiwa wazi, kama alivyotaka. Skrubu za kifuniko anazo mwanawe wa kwanza. Baba Mkubwa ameshika karatasi hii kwa mikono miwili, mifuko yake imekaguliwa, haina ufunguo.

Apumzike kwa amani, mahali penye nafasi ya magoti.