Fomu ya Asiyedaiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu, Mzee Njenga, Mchungaji Reuben, ndugu wageni mlioacha mapumziko ya Ijumaa mkatoka mitaa ya mbali ya Muaither na Al Wakrah, na wewe mwenye siku, Phyllis wetu: nawasalimu nyote.

Leo ni tarehe kumi na tatu Februari. Asubuhi ukungu ulitanda hata jengo la ng'ambo ya barabara halikuonekana. Nichekeni tu. Kila siku naandika shajara, naanza na tarehe na hali ya hewa, na hata hotuba sijui kuianza vingine.

Phyllis na mimi tumefanya kazi miaka tisa katika londri ya hoteli moja. Huyu hukunja shuka mia mbili na pembe zote zikalingana. Kesho anapanda ndege kwenda Kanada, na wanawe watatu watamfuata kutoka Kericho. Kazi yangu kama katibu wa chama chetu ilikuwa nimsifu kisha nikae. Lakini katika mkutano uliopita alisema neno, sote tukapiga makofi, nami sijatulia tangu hapo. Alisema, "Fomu za kodi ni za matajiri. Mimi nikienda kufagia, watanitoza nini?" Kiptoo akadakia, "Kwanza huyo wa kodi akupate!"

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Wengi mnamkumbuka mdogo wangu Cherotich, aliyehamia Kanada na watoto wawili. Mwaka wake wa kwanza kule alinipigia simu: "Dada, kuna fomu ya mapato hapa. Nijaze?"

Mimi, niliyezoea mji huu wa ugenini ambao mshahara wetu haukatwi kodi, nikamwuliza, "Kwani unadaiwa?"

"Sidaiwi."

"Basi usijipeleke."

Shajara yangu ya siku hiyo inasema: joto, vumbi, nimemshauri Cherotich, nimelala saa tatu na nusu.

Miaka minne hakujaza. Mwezi jana muuguzi wa kliniki akamwuliza kama posho ya watoto inamtosha. Posho gani? Kumbe serikali ya kule humpa mzazi wa kipato kidogo fedha za watoto kila mwezi, na kiasi chake hupimwa kwa fomu ile ile ya kodi. Asiyejaza haonekani. Miaka minne wanangu wale wamepokezana koti moja la baridi, na haki yao ilikuwa ikingoja karatasi niliyoikataza mimi.

Ndugu zangu, msiponielewa sitashangaa, maana mimi mwenyewe sijaelewa. Ni mlango gani huu, ambao anayetoza ndiye anayegawa? Kwa nini maskini auandike umaskini wake kila mwaka ndipo aaminike? Na asiye na kitu cha kutangaza, angejuaje kwamba huo utupu ndio wa kutangazwa? Nimesoma maelezo mara tatu. Nimempa Ann, ambaye ni karani wa hesabu, naye akakuna kichwa. Tulikubaliana jambo moja tu: hata mapato yakiwa sufuri, jaza, na miaka iliyopita bado yaweza kujazwa.

Naam, Kiptoo, nakusikia. "Katibu, na wakimshika kwa kuchelewa?" Hilo ndilo swali la Cherotich. Ann anasema faini hupimwa kwa deni, na yeye hana deni. Lakini ukishatiwa hofu na dada yako, nani atakutoa? Fomu nne ziko mezani kwake, hazijaguswa, na simu zangu hashiki.

Kwa hiyo, Phyllis, wenzangu wamekupa leso, mimi nakupa daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Hata sufuri, jaza. Tena nakutuma. Utafikia kwa Cherotich, kama mlivyokubaliana ninyi wawili. Kabla hujafungua sanduku, keti naye kwenye meza ile, mzinyooshe fomu hizo moja moja kama shuka zetu. Akikwambia, "Dada alisema tusijipeleke," mwambie dada alikosea, na amekiri mbele ya Mwenyekiti na mchungaji, tena kwa kipaza sauti.

Mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu. Shajara yangu ya leo ina tarehe na ukungu. Saa ya kulala nitaiandika siku Cherotich atakaposhika simu.