Mama Ko Bong-chi, Aliyeandika Maisha Yake Mara Mbili

Sogeeni karibu, ndugu zangu, mlioko nje chini ya hema ingieni, viti vya mbele vipo na havina mwenyewe, wenye simu zizimeni, na watoto wapakatwe kidogo, kwa sababu anayewasomea ni kikongwe wa miaka themanini na miwili, sauti aliyonayo ni hii moja, na ikikatika leo hana nyingine. Familia ya Hau imempa kazi hii A-sun, wifi yake marehemu, ambaye darasani hakukanyaga hata siku moja, ilhali wajukuu wenye digrii wamejaa humu ndani, na sababu yake mtaisikia mbele ya safari.

Marehemu Ko Bong-chi alizaliwa tarehe 11 Machi 1943, katika kijiji cha wavuna chumvi pwani ya Beimen, Tainan, akiwa binti wa nne wa mzee Ko Sui na mkewe, na kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ikingoja mvulana, akapewa jina ambalo maana yake ni "mleeni tu hivyohivyo", jina alilolibeba miaka themanini na moja, ingawa karani wa wilaya alimwambia kwamba sheria inamruhusu kulibadilisha. "Mimi niliyelelewa hivyohivyo nimefika hapa," akamjibu, "wewe uliyelelewa kwa mpango umefika wapi?" Karani akacheka, akampigia muhuri, na habari za jina zikaishia hapo.

Mwezi wa nane mwaka 1946, akiwa na miaka mitatu, aliletwa nyumba ya Hau kuwa mkwe wa kulelewa, yaani mtoto anayekuzwa na mama mkwe wake mpaka atakapokabidhiwa kijana wa nyumba hiyo, akaja amebebwa mgongoni, mkononi kashika kiazi kitamu, na alipomwona A-sun wa miaka minne amesimama mlangoni anamkodolea macho, akakivunja kiazi akampa kipande. Tangu siku hiyo walilala kitanda kimoja. Kijana mwenyewe, Bun-tek, alikuwa na miaka sita, akimwita mdogo wangu, naye Bong-chi akimwita kaka, wakigombania kichwa cha samaki kama ndugu wowote wa tumbo moja.

Shule hakupelekwa, kwa sababu reki ya chumvi ilikuwa ikimngoja, lakini mwaka 1953 kanisa lilipoanza kugawa maziwa ya unga, yeye na A-sun walikwenda na bakuli kila Jumapili, na mke wa mchungaji hakumpa mtoto maziwa kabla hajasoma mstari mmoja wa zile herufi za kanisa, zile zinazoandika lugha yetu jinsi inavyotoka mdomoni, zenye vialama vichwani kama nzi waliotua. Marehemu mama mkwe, mwanamke mkali mwenye mdomo usio na mlango, alipowakuta wanachora jikoni kwa kijiti cha mkaa, akasema, "Maziwa nayaona, hizo herufi nazo zinapikwa na nini?" Bong-chi akamjibu kwa heshima kwamba hata yeye bado anatafuta. Akapigwa kibao, kesho yake akaendelea kuchora.

Kuhusu ndoa, ndugu zangu, hapa ndipo penye shughuli, basi sikilizeni vizuri. Tarehe 14 Februari 1961, mkesha wa mwaka mpya wa mwezi mwandamo, jamaa wote wakiwa wamekula na kushiba, mama mkwe alimvika Bong-chi blauzi nyekundu, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akamwambia, "Kuanzia leo huyu si kaka yako," akawasukuma wote wawili ndani kwa mikono yake, kama ilivyokuwa desturi kwa wakwe wa kulelewa, maana sherehe ilikuwa imeshaliwa na hakuna aliyepaswa kugharamia nyingine. A-sun alikuwepo, ameshika masufuria. Yaliyotokea nyuma ya mlango ule ni ya Bong-chi kuyasema, si ya wifi.

Walijaliwa watoto wawili, Kok-liong, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1963, baada ya majirani kuchoka kumtazama tumbo, na Le-chu, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1966, na mwaka 1969 yeye na mumewe wakabatizwa pamoja katika kanisa hili. Kazi yake ilikuwa chumvi hadi mwaka 1978, kisha akaajiriwa kiwanda cha samaki, akatoa miiba ya mwatiko hadi alipostaafu mwaka 2009, kazi ya kisu chembamba na subira nene, na wenzake waliokaa upande huu wa kushoto ni mashahidi kwamba samaki aliyepita mikononi mwake hata mtoto asiye na meno alimla bila wasiwasi.

Kisukari kilimwingia mwaka 1998, na mwezi wa sita mwaka 2019 figo zikakataa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mkono wa kushoto umefungwa mirija, haruhusiwi kuutikisa, na wiki ya pili tu akasema, "Huu wa kulia umekaa bure, leteni karatasi." Akaanza kuandika maisha yake kwa herufi za kanisa, pale pale kwenye kiti, na siku ambazo mashine ilimwacha hoi aliandika sentensi moja, akaitazama, akalala. Muuguzi alipomuuliza anamwandikia nani, akasema wajukuu wanamjua kama bibi wa kupika uji wa samaki, na huyo ni kweli, lakini hakuzaliwa na mwiko mkononi.

Maandishi ya kwanza yalikamilika mwaka 2021, na kwa kuwa watoto wake hawakuzijua herufi hizo, Le-chu alimrekodi akiyasoma, naye Kok-liong akampelekea mwalimu mstaafu ayaandike kwa maandishi ya Kichina, yachapwe, yawe kitabu. Mwalimu alifanya kazi yake kwa uaminifu, kama alivyoagizwa. Kitabu kilipotoka, Le-chu alikipeleka hospitali akamsomea mama yake akiwa kwenye mashine, akafika mahali palipoandikwa kwamba mwaka 1961, baada ya uchumba wa amani, wapendanao hao walifunga ndoa takatifu mbele ya wazazi wenye furaha.

"Mwanamke mzuri huyo," Bong-chi akasema. "Anaitwa nani?"

"Mama, ni wewe."

"Simjui. Mpigie kaka yako."

Kok-liong alifika na kofia mkononi, mzee wa kanisa mwenye mvi, akasimama kama mwanafunzi aliyevunja kioo. "Mama, ule mkesha niliuondoa mimi," akasema. "Watu watasoma, watasema Baba alikulazimisha. Mimi nitasimamaje madhabahuni?"

"Baba yako hakunilazimisha. Ndiyo maana nataka uandikwe."

"Basi tuseme tu kwamba mlioana."

"Hukuwepo, Kok-liong. Ulikuwa bado hujaandikwa popote."

Mzee Bun-tek alikuwa amekaa pembeni, na sote tulidhani kifaa chake cha masikio kimezimwa kama kawaida yake, kumbe siku hiyo kilikuwa kinafanya kazi. "Auandike," akasema. "Na aandike kwamba nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nililia kama mtoto, yeye ndiye aliyenipa kitambaa." Kok-liong akavaa kofia yake, akatoka, na kwa miezi mingi alimpeleka mama yake hospitali na kumrudisha bila kukitaja tena kitabu hicho.

Bong-chi akaanza upya. Wakati huo macho yalikuwa yameingia ukungu na mkono wa kulia unatetemeka, madaktari wakimwambia apumzike, naye akiwajibu kwamba mapumziko yapo mengi yanamngoja, na mwaka 2023 kalamu ilipomshinda kabisa, akaitwa A-sun, mtu pekee aliyebaki kijijini anayezijua herufi zile, akae pembeni aandike. Waligombana kila ukurasa.

"Umeandika nini hapo, wifi?"

"Kwamba ulisikitika."

"Nilisema nilikasirika. Futa."

"Kusikitika kunapendeza zaidi."

"Kalamu ni yako, maisha ni yangu. Futa."

Alihofia jambo moja tu, nalo alilisema waziwazi, kwamba angekufa kabla ya mkesha kuandikwa, abaki yule mwanamke wa uchumba wa amani akizikwa mahali pake. Aliyapita mengine yote haraka ili aufikie, na siku alipoufikia alisema polepole, akinywa maji kwa kijiko kwa sababu zaidi ya hapo hakuruhusiwa, na A-sun aliandika hivi, bila kuongeza wala kupunguza: "Kuingia nilisukumwa. Kukaa nilichagua mwenyewe, na aliyesukumwa pamoja nami alingoja nichague." Kisha akauliza kama karatasi imebaki, akaambiwa imebaki, akasema basi hiyo nyingine mtafungia vitunguu.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 moyo ulianza kuchoka, akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa kitandani pake, mumewe na watoto wote wawili wamemshika, marehemu alituacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, waliomwekea meza ndogo bila yeye kuomba, dereva wa gari la wagonjwa wa kijijini, aliyepunguza mwendo kwenye matuta kwa ajili ya mgongo wake, wenzake wa kiwandani, akina mama wa kanisa, na majirani mlioleta uji hata siku ambazo hakuweza kuumeza.

Aliyoyaacha ameyagawa mwenyewe. Le-chu ameachiwa kisu cha miiba. A-sun ameachiwa miwani, ambayo haimfai, na ameambiwa aivae hivyohivyo. Mzee Bun-tek ameachiwa upande wa ukutani wa kitanda, waliougombania zaidi ya miaka sitini. Makaratasi yote, yale yaliyoandikwa mara ya pili, ameachiwa Kok-liong, kwa maneno haya: "Mpeni yeye, ndiye anayeyaogopa." Tangu kesho yake ya msiba Kok-liong amekuja kila siku kwa shangazi yake, amekaa jikoni, amejifunza herufi na vialama vyake, na juzi ameomba ukurasa wa mkesha ausome yeye leo, hapa, mbele yenu nyote na mbele ya baba yake. Atakwama hapa na pale, msimsaidie.

Wifi, pumzika kwa amani, kazi yako imefika. Kok-liong, mwanangu, simama.