Maneno Ambayo Awuor Hakuyasema

Wapendwa, Bwana apewe sifa! Na wewe uliyekaa nyuma karibu na mlango, unayesubiri kuona kama ushuhuda huu ni wa kweli ndipo uitikie, nakusalimu kwa upendo wa pekee. Hapo ndipo nilipokaa mimi mwaka mzima.

Ndugu zangu, wengi wenu hapa Migori mnanijua. Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya ualimu, nikakuta serikali imeacha kuajiri walimu. Nikawa naulizia kazi asubuhi, na jioni nakunywa chang'aa. Kule kwa pombe waliniita Digrii. "Digrii, tueleze dunia!" Nami niliwaeleza! Niliwaeleza kwamba hakuna Mungu, kwamba wachungaji ni wafanyabiashara, na nilipomaliza walinimiminia kikombe kingine.

Mke wangu Atieno alikuwa akivuka kwenda kisiwa cha Remba kununua omena, dagaa wa ziwani, wa kuuza hapa sokoni. Akienda, hukaa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mtoto wetu Awuor, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alibaki na mimi. Mama yangu alikwisha kufariki. Mtoto huyo hakuwa na mwingine nyumbani ila Digrii.

Wakati huo walikuja watafiti wa makuzi ya watoto, wakafungua chumba karibu na soko. Walipima uzito na urefu, waliwapa watoto vibao vya mbao wavipange, waliwaonyesha picha za ng'ombe na vikombe ili wavitaje. Atieno alimwandikisha Awuor kabla ya kusafiri, na kwa hiyo ni mimi niliyempeleka. Mwanamume mmoja kwenye benchi la akina mama! Walinicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama nimeleta na nepi.

Kwa aibu, nikajikinga kwa elimu. Dada Rosa, aliyekuwa akiwapima watoto, nilimsumbua sana. Sampuli yenu ni kubwa kiasi gani? Mtajuaje kwamba wazazi wanasema kweli? Alinijibu kwa upole, kisha akanipa daftari kama alivyompa kila mzazi. Kila jioni niandike maneno ambayo mtoto ametamka siku hiyo, alichokula, na kama ameugua.

Ndugu zangu, mtu anayekunywa haoni jioni! Sikuandika hata mstari mmoja. Asubuhi ya kurudi kule niliamka mapema, nikameza chang'aa kidogo ili nitulie, nikakaa mezani nikaandika wiki tatu kwa mara moja. Jumatatu amesema "maji". Jumanne amesema "mbuzi". Jumatano "mama amekwenda". Niliandika vizuri sana, nikaweka na makosa ya kitoto ili ionekane kweli. Awuor alikuwa sakafuni akichezea kifuniko cha sufuria. Hakuwa amesema lolote kati ya hayo.

Kule chumbani alinyamaza mbele ya kila picha. Dada Rosa akanitazama. Nikamwambia anaona haya kwa wageni, nyumbani anaongea kama redio, tazama daftari. Akalitazama, akaamini, akaandika kwamba mtoto yuko sawa. Nikatoka nikiwa nimefurahi!

Sasa, utafiti ule ulikuwa na utaratibu mmoja. Mzazi aliyekubali kwamba pombe inamsumbua alipewa mwenzi, yaani mzazi mwingine aliyekwisha kuacha. Mwenzi hakuwa daktari wala mhubiri. Kazi yake ilikuwa kukutembelea. Mimi nilikubali kwa kuwa nilitaka kubishana na mtu. Nikaletewa Mama Robi, Mkuria kutoka upande wa mpakani, mwanamke mnene mwenye kicheko. Dholuo hakijui, Kikuria sikijui, tukaelewana kwa Kiswahili. Alikuwa amepika chang'aa na kuinywa kwa miaka mingi. Hakujua kusoma.

Siku ya kwanza nilimwonyesha daftari langu, nikijigamba. Akapitisha kidole kwenye kurasa, polepole, kama anayepapasa nafaka.

"Baba Awuor, hii umeandika siku moja."

Nikacheka. "Mama, wewe si husomi?"

"Maneno sisomi. Nasoma mkono. Mimi nimeuzia watu pombe. Mlevi wa asubuhi hata kikombe anakishika kwa mikono miwili. Hapa Jumatatu mkono umetulia, Jumamosi umetulia, hata Jumapili umetulia. Wewe ni lini mkono wako umewahi kutulia wiki nzima?"

Ndugu zangu, maprofesa walisahihisha kazi zangu miaka minne bila kunikamata hivyo!

Nilimwambia ni makaratasi tu, hayamuumizi mtu. Hakubishana. Awuor alikuwa ametugeuzia mgongo, akichezea mchanga. Mama Robi akatoa ndizi kwenye kikapu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Awuor, njoo uchukue ndizi." Mtoto hakugeuka. Akarudia kwa Kikuria, akarudia jina peke yake. Hakugeuka.

"Ni mkaidi," nikasema. "Ndivyo alivyo."

"Mkaidi kwa ndizi?"

Akamwendea, akampakata, akamtazama masikio. Kulikuwa na usaha. Nami, wapendwa, nilikuwa nimeuona usaha ule! Nilikuwa nikiufuta kwa kitambaa na kusema ni maji ya kuoga. Mama Robi akaniambia, bila kuniinulia sauti, kwamba yeye alikuwa akimpa mwanawe wa kwanza kijiko cha chang'aa ili alale, wateja wasisumbuliwe. Mtoto huyo alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hadi leo anahangaika shuleni. "Mimi hakuna aliyeniambia," akasema. "Wewe nimekuambia."

Nikamuuliza kama atanishtaki kwa Dada Rosa.

"Mwenzi hashtaki. Utasema mwenyewe."

Siku mbili nilizunguka na jambo hilo. Nikisema, tutafukuzwa, benchi zima litajua, na Atieno akirudi atamchukua mtoto. Nisiposema, Awuor ameandikwa kwamba yuko sawa, na mtoto aliye sawa hapelekwi popote. Mimi niliyeuliza watajuaje kama wazazi wanasema kweli, ndiye mzazi aliyedanganya!

Siku ya tatu nilikwenda. Mama Robi aliketi nje na mtoto. Nilimwambia Dada Rosa, "Maneno yote yale niliyatunga." Alikasirika, sitaficha. Kisha akachukua kalamu ya wino mwekundu, akapiga mstari kwenye kurasa zote za wiki tatu, akaandika barua ya hospitali. "Peleka mtoto leo," akasema. "Sio kesho, Mwalimu. Leo." Hakuna aliyewahi kuniita Mwalimu tangu nirudi nyumbani.

Masikio yote mawili yalikuwa yameoza ndani. Daktari alisema anasikia sauti kubwa tu, na kwamba tumewahi, lakini kwa nafasi ndogo sana. Yakafuata dawa na kuoshwa masikio, na kurudi tena na tena. Hospitali ileile Mama Robi aliniingiza mlango wa pili, akawaambia mimi pia ni mgonjwa, maana siku ya barua ile niliacha pombe, na kuacha ghafla kulinifanya nitetemeke kama jani na kutapika.

Halafu ikaja saa kumi ya jioni. Kila mnywaji anaijua saa hiyo! Mama Robi naye aliijua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa saa yake ya kufungua. Basi kila saa kumi alifika kwangu na kikapu cha wimbi, akanipa jiwe la kusagia. Mwanamume wa Kijaluo anasaga wimbi uani! Majirani walipanga foleni. "Digrii, umeolewa na Mkuria?" "Ametoa ng'ombe wangapi?" Mama Robi aliwajibu kwamba mahari bado inajadiliwa, mimi ni ghali kwa sababu nimesoma. Nami nilisaga, huku nikimhoji. Je, ni Mungu anayeniponya, au ni dawa, au ni mazoea tu? Kama ni Mungu, kwa nini masikio ya mtoto asiye na kosa?

"Baba Awuor," akasema, "ukimaliza kuuliza, saga."

Nilianguka mara moja, nikanywa kwenye matanga ya binamu yangu huko Rangwe. Nilirudi nikiona haya. Mama Robi alikuja saa kumi na kikapu chake kama siku zote.

Wapendwa, mwezi wa nne wa kusaga, kuku aliingia kwenye wimbi langu. Awuor alikuwa kando yangu. Akasimama, akanyoosha kidole, akapaaza sauti: "Wacha!" Neno lake la kwanza, wazi kabisa, kwa sauti ileile ya Mama Robi akifukuza kuku! Nilipiga magoti kwenye unga, na shukrani ikanitoka kabla sijaamua inakwenda kwa nani. Ndipo nikajua inakwenda kwa nani.

Leo sijamaliza maswali yangu, na mchungaji anajua. Lakini namshukuru Mungu, namshukuru Atieno aliyerudi akaambiwa yote na bado akabaki nasi, namshukuru Mama Robi aliyekubali kukaa kanisani kwetu leo ingawa anasema tunaimba polepole. Na wewe mzazi unayekunywa kwa siri, unayeandika vizuri yale ambayo mtoto wako hajayafanya, nakusihi: mwamini Bwana, hata kwa imani ndogo kama yangu, na umwambie mtu mmoja ukweli leo. Ukikosa wa kumwambia, mimi nipo. Nitafika kwako saa kumi, na wimbi ninalo.

Mwisho, niwaombe radhi. Tangu nianze kuzungumza, mmesikia mtoto akipiga kelele pale benchi la tatu, amekaa mapajani mwa Atieno, akitaja kila kofia anayoiona. Nimemwona shemasi akimwekea kidole mdomoni. Shemasi, kwa heshima yote, nakuomba umwache aseme.