Bi Haraka Mbele ya Baraza la Mwamba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuulinda mwamba wetu wa matumbawe, mratibu wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Bi Haraka, na yeye anajua. Sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai ofisini.

Alianza kwa kuvua pweza, kazi aliyofundishwa na bibi yake. Enzi hizo mwamba ulifungwa kwa tangazo kutoka mjini; tulilisoma, kisha tukaenda kuvua kama kawaida. Bi Haraka alizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza kwa nini bibi zetu waliamua wenyewe lini mwamba upumzike, na sisi tunasubiri kuamuliwa. Watu wakakubali kuunda Baraza la Mwamba, wengine, tuseme ukweli, ili tu aondoke mlangoni. Tangu hapo wataalamu wanakaribishwa na kusikilizwa vizuri, ila uamuzi ni wa baraza.

Adhabu nayo ni wazo lake. Anayeingia eneo lililofungwa bila ruhusa ya baraza halipi faini, anapanda matumbawe msimu mzima bila posho. Shemeji yake, fundi wa injini za boti, alikamatwa mara mbili. Mara ya pili tulishuku amekuja kwa kupenda, maana alishakuwa mpandaji hodari kuliko sisi sote. Leo ndiye mwenyekiti wa baraza.

Mwaka huu, mwezi Machi, maji yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe yakaanza kuwa meupe. Tulikosa raha. Machipukizi ya matumbawe tunayootesha kitaluni yalitakiwa yahamishiwe kwenye kina kirefu chenye maji baridi, na baraza lilikuwa likutane Alhamisi. Bi Haraka hakuweza kuingoja Alhamisi. Jumanne aliingia na vikapu vyake katika eneo lililofungwa, bila ruhusa ya mtu yeyote.

Sijawahi kukaa kwenye kikao kizito kama kile. Tumwadhibu aliyetufundisha kila kitu, tena alikuwa anaokoa? Tukimwacha, kesho si kila mwenye sababu nzuri ataingia? Bi Haraka alijitetea kwa ukali kwamba matumbawe hayasubiri ajenda. Shemeji yake akamjibu kwa upole kwamba yeye pia, alipokamatwa mara ya kwanza, alikuwa na sababu, watoto walikuwa na njaa, na Bi Haraka hakutaka kuisikia. Kisha akamhukumu msimu mzima, kama mtu mwingine yeyote. Bi Haraka akatoka bila kuaga. Nilidhani tumempoteza yeye na baraza kwa siku moja.

Kesho yake alirudi, macho mekundu, akauliza msimu wa kupanda unaanza lini. Alituambia kwamba miaka yote alihofia siku akiondoka baraza litakufa, na kwamba hakupata usingizi, kwanza kwa hasira, halafu kwa furaha.

Hatujui bado kama machipukizi aliyoyahamisha yatapona. Baadhi yamerudisha rangi, mengine bado meupe, na maji bado yana joto kuliko tunavyopenda. Tunazama kuyaangalia kila siku, hata siku zisizo za zamu, kama watu wenye mgonjwa hospitalini. Nani ataacha?

Bi Haraka, asante kwa kutung'ang'ania mpaka tukajua mwamba ni wetu. Tutakukumbuka ofisini, na chai yako tutaimalizia. Tunakutakia maisha mema, afya njema na mapumziko marefu, yatakayoanza msimu wa kupanda ukiisha. Kwa sasa, baraza linakutaka Jumatatu saa moja asubuhi. Ripoti kwa shemeji yako.