“Musinisifu”: Kumbukumbu ya Mama Ernestine Kabedi wa Kapata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama Ernestine Kabedi wa Kapata, aliyetutoka Jumanne asubuhi hapa Kolwezi. Ndiye aliyeandika ile filamu ya kuchekesha, *Bakwe Banakuya*, yaani Wakwe Wanakuja. Wengi wenu mlimjua kwa filamu hiyo. Sisi wa redio tulimjua pia kwa simu zake. Nikirefusha maneno ya kufungua kipindi, simu ya studio ililia, ni yeye: “Tata,” yaani baba, “ingia mu mambo!”

Basi, mama, naingia.

Alizaliwa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Ernestine mwenyewe alikua bila kuiona Kasai hata siku moja. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji: mama Ernestine alizaliwa Kapata.

Alipokua akawa karani wa kupiga mashine ya chapa katika ofisi ya karakana. Akaolewa na tata Ngoyi, fundi wa injini, wakapata binti, Mignonne. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni ikaanza kuanguka. Mitambo ilisimama, mmoja baada ya mwingine. Ofisini hapakuwa tena na cha kupiga. Wenzake walipiga soga. Yeye aliweka karatasi kwenye mashine, akaanza kuandika senario, yaani maneno na matendo yote ya filamu kabla kamera haijaguswa.

Hadithi ilikuwa hivi. Kijana ni mpishi wa kantini ya wafanyakazi, lakini amewaambia wakwe zake watarajiwa, wazazi wa binti anayemtaka, kuwa yeye ni injinia mkubwa. Siku moja wakwe wanapanda treni kutoka Dilolo, wanakuja kumwona kazini. Kijana anaazima kofia ya chuma, tai na ofisi ya mtu. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Sasa, mama Ernestine hakutaka kumpa mtu wa kamera kitu kibichi. Kila Jumapili baada ya misa aliwakusanya majirani uani kwake. Alichemsha chai, akasoma yeye mwenyewe sauti zote: ya kijana, ya baba mkwe, hata ya mbuzi wa zawadi. Kabla ya kuanza alisema: “Musinisifu. Mi sitaki sifa. Munambie kwenye munasinzia.”

Tata Ngoyi alitii kabisa. Alisinzia. Kila Jumapili alisinzia katika hotuba ya baba mkwe, akikoroma mbele za watu. Mama Ernestine aliifupisha hotuba. Akasinzia tena. Akaifupisha tena. Mwisho baba mkwe alibaki na neno moja tu, “Aa!”, na ua mzima ukaangua kicheko. Tata Ngoyi akaamka akiuliza, “Banasema nini? Rudilia!”

Lakini maoni yaliyomuuma yalitoka kwa jirani yake, Mado Mbuyu. Wazazi wa Mado walitoka kaskazini mwa Katanga. Mado aliuza maandazi na hakujua kuficha neno. Jumapili moja alitafuna, akameza, akauliza juu ya bibi arusi wa hadithi, maana ndiye mwenye ndoa: “Ernestine, ule binti njo mwenye ndoa. Mbona hasemi kitu? Ni bubu?”

“Si bubu. Ana haya.”

“Haya gani? Banamusemea bote, ye tu ananyamaza. Mi niko binti wa bantu, siwezi kunyamaza vile.”

Mama Ernestine alikusanya karatasi zake, akaingia ndani. Wiki nzima hakumsalimia Mado. Alipotoka, bibi arusi alikuwa na ulimi. Tena, bibi arusi ndiye aliyejua ukweli tangu mwanzo. Shati la injinia lilikuwa likinuka vitunguu. Alijua kuwa ni mpishi, na ni mpishi aliyemtaka. Mama Ernestine aliposoma ukurasa huo uani, Mado alisimama akapiga vigelegele. “Sasa ule binti, mi njo nitamucheza!” alisema. Na hakuna aliyebisha.

Senario ikamfikia Stanislas, mpiga video wa Lubumbashi. Alikuja Kolwezi, akasikiliza uani, akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema, “Mama, nakubali. Tuingoje Pasaka ipite, nitakuja na kamera.” Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu.

Pasaka haikuwakuta Kapata, wasikilizaji.

Mwezi wa tatu vijana walipita nyumba kwa nyumba, wakidai Katanga ni ya wenyeji wake tu. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Mama Ernestine, aliyezaliwa Kapata, aliambiwa arudi kwao. Walitoka na godoro, sufuria na nguo. Senario ilikuwa ndani ya sufuria, chini ya kifuniko.

Walilala stesheni wiki nyingi, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni. Watoto waliugua. Wengine walizikwa wakati treni bado inangojwa. Mado alikuja kila asubuhi na maandazi. Vijana wa njiani walimtukana: “We unalisha bantu gani?” Akawajibu, “Nalisha jirani yangu. Wewe nani atakulisha?” Akapita. Kesho yake akaja tena.

Mignonne alikuwa msichana mdogo, lakini anakumbuka vizuri. Aliniambia hivi: “Siku moja watoto walikuwa wanalia sana. Mama akatoa zile karatasi, akaanza kusoma kwa sauti ya mbuzi. Watu wakasogea. Watu waliofukuzwa, wamekaa chini, wanacheka! Alipomaliza, mama mmoja mzee akasema, ‘Sasa baada ya ndoa watakaa wapi?’ Hata sisi hatukujua tutakaa wapi.”

Treni ilipofika, mama Ernestine alimwambia Mado, “Fanyeni filamu. Bantu banakungoja.” Mado akakataa. “Bila weye, mi sichezi.” Wakaagana dirishani.

Kule Mbuji-Mayi, katika hiyo Kasai wasiyoijua, tata Ngoyi alitengeneza baiskeli za watu. Akafia huko, Mungu amrehemu. Mama Ernestine alifundisha kupiga mashine. Ilipita zaidi ya miaka kumi. Siku moja mama na binti walishuka tena Kolwezi. Nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Walisimama nje, hawajui pa kuelekea, mpaka mlango wa jirani ulipofunguliwa.

“Ernestine!” Mado alipiga kelele barabara nzima ikasikia. “Unanenepa!”

“Na we unazeeka!”

Walishikana pale njiani, wanalia, wanacheka. Walikaa kwa Mado mpaka walipopata nyumba yao.

Mado hakuwa tena bibi arusi wa kuaminika. Alikubali kuwa mama mkwe, na Mignonne akawa bibi arusi. Stanislas alikuja, sasa ana mvi na kamera ndogo. Lakini kabla ya kupiga hata picha moja, mama Ernestine aliwaita watu tena wasikilize, safari hii katika ukumbi wa parokia. Watu walicheka. Kisha binti mmoja akauliza: “Mama, mbona hakuna mahali munasema juu ya kufukuzwa? Mulisahau?”

Waliofukuzwa walikuwapo ukumbini. Waliofukuza nao walikuwapo. Mama Ernestine akasema: “Sikusahau. Lakini mi nilitaka batoto baone vile tulikuwa. Tulikuwa tunacheka mu ua moya. Bale balitufukuza, balitufukuza tutoke mule mu kicheko. Hapo njo kwenye inauma.”

Hakubadilisha neno. Filamu ilipigwa Kapata, kwa nguo za kuazima na mbuzi wa kweli aliyekula tai ya bwana arusi. Hilo halikuwa katika senario. Mama Ernestine aliliacha libaki. Ilipoonyeshwa, watu walijaa mpaka madirishani, na kila familia ilidai kuwa mpishi yule ni mjomba wao.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mignonne na watoto wake, kwa mama Mado ambaye tangu Jumanne hajatoka katika ua wa msiba, sisi sote wa redio tunasema: poleni. Mungu amlaze mama Ernestine Kabedi mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Kapata kuna nyumba ambazo wenyewe walipanda treni na hawakurudi. Unazijua. Pengine kuta zenu zinagusana. Leo mkikaa kula, wataje kwa majina, na mwambie mtoto wako walikuwa watu wa namna gani. Nani alicheka kwa sauti. Nani alipika vizuri. Sema wazi, mtoto asikie: walikuwa majirani zetu.